Shetani yupi wa bluzi uanze naye? Wa Robert, wa Tommy, wa Skip au wa Peetie

Kama unataka kuanza kusikiliza bluzi (blues, muziki wa watu weusi wa kusini mwa Marekani) kwa sababu umesikia habari za shetani, nakuomba kitu kimoja, usianzie kwenye ile stori ya njia panda. Stori yenyewe kila mtu anaijua, kijana wa Mississippi kaenda njia panda saa sita usiku, kamkabidhi shetani gitaa, kauza nafsi, karudi fundi, na jina linalotajwa siku zote ni Robert Johnson. Mi nimekaa na hizi nyimbo miaka mingi, napiga gitaa kidogo kanisani na kidogo nyumbani, na kila nikizirudia naona shetani wa bluzi sio mmoja. Wapo kadhaa na hawafanani kabisa, kuna anayefundisha gitaa, kuna anayekugongea mlango asubuhi mtoke pamoja, kuna anayegeuza moyo wa mwanamke, na kuna ambaye mtu kamwoa binti yake. Kwahiyo swali la nianze na nani sio la kujifurahisha, maana ukianza na asiyekufaa utasikia mikwaruzo ya santuri za zamani tu alafu unazima, unakosa kitu kikubwa sana.

Tumalize kwanza hili la kuuza nafsi. Nyimbo inayosema wazi kabisa kwamba nimeshamuuzia shetani nafsi yangu sio ya Robert Johnson, ni ya mwanamke, Clara Smith, aliirekodi 1924, Robert wakati huo ni mtoto wa miaka 13. Inaitwa "Done Sold My Soul to the Devil". Itafute uisikilize mara moja ujue biashara ya nafsi kwenye santuri ilianzia mbali, ila kuanza nayo sikushauri, ilirekodiwa kabla kampuni za santuri hazijaanza kutumia maikrofoni, mtu anaimba mbele ya tarumbeta kubwa la kunasia sauti, sauti inakufikia kama mtu yuko chumba cha tatu.

Sasa Robert mwenyewe. Kazaliwa Hazlehurst, Mississippi, 1911, kafariki karibu na Greenwood tarehe 16 Agosti 1938, miaka 27, na kaacha nyimbo 29 tu alizorekodi kwa safari mbili za Texas, San Antonio Novemba 1936 na Dallas Juni 1937. Uzuri wake kwa mtu anayeanza ni kwamba sauti iko safi kuliko wenzake wengi wa miaka ile, maneno yanasikika, gitaa linasikika kama watu wawili wanapiga wakati ni yeye peke yake, na kila kitu kimekusanywa pamoja, huhangaiki kutafuta. Lakini fungua "Cross Road Blues" usikilize mwanzo mpaka mwisho, hakuna shetani humo. Hayupo kabisa! Jamaa anafika njia panda anapiga magoti, anamuomba Mungu amhurumie, anapungia mkono magari yanayopita hakuna linalosimama, hakuna anayemjua, na jua linazama. Mtu mweusi Mississippi miaka ya thelathini, giza linaingia, yuko barabarani peke yake sehemu ambayo hana mwenyeji, yani mtu kama huyo angeweza kukamatwa kwa uzururaji tu, au yakamkuta makubwa kuliko hayo. Hofu ya hiyo nyimbo ni hiyo. Ni sala kabisa, na kama we ni mtu wa dini unaogopa kugusa haya mambo, anza na hiyo bila wasiwasi.

Shetani wa Robert yuko kwingine, kwenye nyimbo mbili alizorekodi Dallas siku moja. Ya kwanza "Me and the Devil Blues", asubuhi na mapema mlango unagongwa, anafungua, anamsalimia shetani kama unavyosalimia mtu mliyeahidiana jana, anamwambia naona muda umefika twende, wanaondoka wanatembea sambamba. Hakuna moto wala hakuna kupiga kelele, na utulivu huo ndo unaotisha. Mwisho anaomba wamzike kando ya barabara kuu ili roho yake mbaya iweze kudandia basi la Greyhound isafiri. Hebu fikiria huyo mtu, maisha yake yote alikuwa njiani, mji huu kesho mji ule, hata maiti yake anaitafutia usafiri.

Ya pili ni "Hellhound on My Trail", hapa ni mbwa wa kuzimu anamfuata nyuma na bluzi inaanguka kama mvua ya mawe, alafu katikati anamlalamikia mwanamke kwamba kamnyunyizia unga mlangoni, ule unga ambao kwa waganga wa watu weusi wa kule kazi yake ni kumfanya mtu asitulie, ahame, atangetange. Hapo msomaji wa Kiswahili hahitaji maelezo marefu, dawa iliyomwagwa mlangoni tunaielewa. Na ukishaelewa hivyo unaona kwamba nyimbo nzima ni ya mtu aliyerogwa asikae mahali, mbwa na unga ni kitu kilekile.

Na ile habari ya kwamba aliondoka hajui akarudi anajua, hiyo ina watu na majina. Mwanabluzi Son House aliyekuwa mkubwa wake pale Robinsonville alisimulia kwamba Robert akiwa kijana alikuwa akinyakua gitaa wakati wakubwa wamepumzika na kuparuza mpaka wasikilizaji wanalalamika wamnyang'anye, akapotea, akarudi anawapita wote. Alipopotea alienda maeneo ya kwao Hazlehurst akakaa na mtu anaitwa Ike Zimmerman, huyo ndo mwalimu wake, na walikuwa wanaenda kufanyia mazoezi makaburini usiku, wanakaa juu ya makaburi, kwa sababu kule kumetulia na hawasumbui mtu aliyelala! Sa mtu akipita barabarani usiku akasikia magitaa mawili yanatoka makaburini, kesho yake atasimulia nini? Alafu kuna jambo zito zaidi. Mke wake wa kwanza, Virginia, alifariki kwenye uzazi 1930 akiwa binti wa miaka 16 hivi, na inasimuliwa kwamba ndugu zake waliona ni adhabu kwa Robert kwa kuimba nyimbo za dunia, na kwa watu wa kanisa wa kule kuimba nyimbo za dunia ndo kulikoitwa kumuuzia shetani nafsi. Huo ulikuwa msemo wa kila siku. Kijana wa miaka 18 kafiwa na mke na mtoto, anaambiwa ni kwa sababu ya gitaa lako. Mi nikiisikiliza ile nyimbo ya mlango unaogongwa asubuhi nawaza hilo, siwazi njia panda.

Njia panda yenyewe ni ya nani basi? Ni ya Tommy Johnson. Hawana undugu, ni majina tu yamegongana, na naamini kugongana huko kwa majina kumemnyima Tommy haki yake. Tommy kazaliwa 1896 karibu na Terry, Mississippi, na baada ya kufa kwake 1956 kaka yake LeDell ndo alimsimulia mtafiti David Evans jinsi Tommy alivyokuwa anaeleza ufundi wake, kwamba kajiuza kwa shetani. Lakini fuata maelezo yenyewe hatua kwa hatua uone. Unachukua gitaa lako unaenda mahali barabara zinapokatana, unahakikisha umefika kabla kidogo ya saa sita usiku, unakaa unapiga peke yako, anakuja mtu mkubwa mweusi, anachukua gitaa, analityuni, anapiga wimbo mmoja, anakurudishia. Basi. Hakuna kusaini, hakuna damu, hakuna bei iliyotajwa. Huyo mtu kafanya kile ambacho fundi yeyote wa gitaa anamfanyia mwanafunzi, kamrekebishia nyuzi kamuonyesha wimbo.

Na hii sio ya Tommy pekee, Harry Hyatt, mchungaji aliyezunguka kusini mwa Marekani kuanzia miaka ya thelathini akiwahoji watu weusi kuhusu mambo ya uganga, alikusanya simulizi kibao za aina hii, wengine wanaenda njia panda kujifunza banjo, wengine kucheza kete, na mara nyingi unaenda mara tisa. Mzee wa njia panda ni wa zamani kuliko gitaa lenyewe. Wafon wa Dahomey (Benin ya leo) wanaye Legba, Wayoruba wa Nigeria wanaye Eshu, wote ni miungu ya njia panda, wote ni wa kufungua njia na kupeleka ujumbe, na watu wa sehemu hizo walichukuliwa utumwani kwa maelfu kupelekwa ng'ambo. Haiti mpaka leo Papa Legba ndo anaombwa kwanza afungue lango. Alafu Biblia ilipotafsiriwa Kiyoruba shetani akapewa jina la Eshu, kwahiyo hata huko nyumbani kwao mlinzi wa njia alishabandikwa pembe. Ukiwa na hilo kichwani simulizi ya Tommy inabadilika kabisa, unamwona mzee anayefungua njia, ila aliyekuwa anasimulia kalelewa kati ya watu wa kanisa na jina alilokuwa nalo la mtu wa namna hiyo ni moja tu.

Kwenye santuri Tommy ni mtamu kweli. Zile alizorekodi Memphis 1928 ziko safi, "Cool Drink of Water Blues" anaomba maji anapewa petroli, na sauti yake inapanda ghafla inakuwa nyembamba kama ya mwanamke anayeita kutoka ng'ambo ya mto, alafu inashuka tena bila kukatika. Lakini ukienda kwake ukitafuta shetani ndani ya nyimbo humpati. Utapata "Canned Heat Blues", hiyo ni ile mafuta ya kopo ya kuwashia jiko, enzi za marufuku ya pombe watu waliyakamua kwenye kitambaa wakanywa spiriti yake, na Tommy anaimba kabisa kwamba inamuua na bado anailia. Kama kuna kitu kilimshika nafsi huyu mtu ni hicho kikopo, na alikiimba mwenyewe kwa mdomo wake.

Kabla sijaenda kwa Skip James, kuna duka. Jackson, Mississippi, mtaa wa Farish, palikuwa na duka la santuri la mzungu mmoja anaitwa H. C. Speir, wanamuziki walikuwa wanaingia pale kujaribiwa, akiona unafaa anakutafutia kampuni ya kurekodi. Tommy alipitia kwake. Skip James alipitia kwake 1931. Robert Johnson alipitia kwake 1936, Speir akapeleka jina mbele. Watu watatu hawa wote wa shetani wamepitia kaunta moja, na nashangaa kwanini mahujaji wanaofika Mississippi wanapigia picha ile alama ya magitaa pale Clarksdale, makutano ya barabara ya 61 na 49, na duka hili la Jackson hawalitaji.

Haya, Skip James. Huyu ndo chaguo langu na nitaeleza kwanini. Katokea Bentonia, kazaliwa 1902, baba yake mchungaji. Februari 1931 alipelekwa Grafton, Wisconsin, baridi la kaskazini huko, kurekodi kwa Paramount, kampuni ya santuri iliyokuwa chini ya kiwanda cha viti, yani walianza santuri ili wauze makabati ya gramafoni, na ubora wa santuri zao unaonyesha hivyo, zinakaanga kama mafuta ya maandazi. Kaacha pale nyimbo 18 zilizobaki mpaka leo na mojawapo ni "Devil Got My Woman". Anaanza kwa kusema bora awe shetani kuliko kuwa mwanaume wa yule mwanamke. Kisha anasema hakuna kilichobadilisha moyo wa mpenzi wake isipokuwa shetani. Analala lakini hapumziki, mawazo yanakimbia. Na mwisho kabisa unagundua huyo mwanamke anayemlilia yeye mwenyewe alimwiba kwa rafiki yake kipenzi, rafiki akabahatika, akamwiba tena. Sa shetani ni nani hapo? Rafiki? Mwanamke? Yeye aliyeanza kuiba? Nyimbo haikujibu, na mi ndo maana siichoki.

Lakini maneno ni nusu, nusu nyingine ni nyuzi. Skip alikuwa na tyuni ya kwao Bentonia ambayo ukiishika mkononi unaelewa mara moja. Siku moja usiku nilijaribu, gitaa la kawaida, nikalegeza uzi mnene wa juu kutoka E kwenda D, A na D nikaziacha, G nikaishusha F, B nikaishusha A, na uzi mwembamba wa mwisho kutoka E kwenda D. Nyuzi nne tu zimelegezwa. Nikapitisha kidole gumba juu ya nyuzi zote bila kushika chochote kwa mkono wa kushoto. Jamani. Gitaa lilelile ninalopigia pambio Jumapili likatoa sauti ya nyumba iliyofiwa. Sikuwa nimepiga wimbo wowote, ni nyuzi wazi tu, na mke wangu akatoka chumbani akauliza kuna nini. Hapo ndo nilimwelewa mtu mkubwa mweusi wa Tommy anayechukua gitaa lako na kulityuni, siri yote iko kwenye kutyuni, mtu akishakuwekea nyuzi hivi gitaa lako limekuwa la mtu mwingine na haliwezi kukupa furaha hata ukitaka. Na Skip juu yake anaimba kwa sauti ya juu, nyembamba, ya upole, hapigi kelele hata mara moja. Sikiliza hiyo alafu papohapo weka "Hellhound" ya Robert, utasikia kabisa Robert kaijenga yake juu ya msingi wa Skip, kwahiyo hata kwa mtu wa Robert kupitia kwa Skip ni faida.

Ubaya wake ni huo mkaango wa santuri. Kuna mtu hawezi kabisa, na simlaumu. Kwake kuna njia nyingine, maana Skip aliacha bluzi baada ya santuri kutouzwa wakati wa mdororo wa uchumi, akaingia kanisani, na 1964 vijana watatu wapenda muziki wakamkuta kalazwa hospitali Tunica, Mississippi. Mwaka huohuo akapanda jukwaa la tamasha la muziki la Newport, na akarekodi upya kabla hajafariki 1969, hizo sauti ni safi kama za leo. Ila kwangu mimi ya 1931 ina kitu ambacho mzee wa 1964 hakuweza kukirudisha, kijana wa miaka 28 ana hasira kwenye vidole.

Peetie Wheatstraw nitampitia haraka, sio kwa kumdharau, ni kwamba yeye ni rahisi kumwelewa. Jina lake halisi William Bunch, mpiga kinanda wa East St. Louis, karekodi nyimbo zaidi ya 160 kati ya 1930 na 1941, na kwenye lebo za santuri alijitambulisha kama mkwe wa shetani, na pia sherifu mkuu kutoka kuzimu. Angalia hiyo ya ukwe lakini. Mtu aliyeuza nafsi ni mtumwa, mkwe kapewa binti, mkwe akija anawekewa kiti. Na sherifu kwa mtu mweusi wa kusini ndo aliyekuwa anamkamata, Peetie akachukua hicho cheo akakivaa yeye. Huyo ni shetani wa kutembea kifua mbele mtaani. Nyimbo zenyewe ni za kilabuni, kinanda kinazunguka palepale, kila baada ya mstari anaweka ile "ooh well well" yake, ukisikiliza kumi mfululizo zinaanza kufanana, kwahiyo mbili tatu zinatosha kwa siku. Alifariki kwa ajali ya gari na treni 1941, siku ya kuzaliwa kwake akitimiza miaka 39, wiki chache baada ya kurekodi nyimbo inayoomba apewe maua akiwa bado hai.

Kwahiyo kama we ni mtu wa maneno, unapenda mashairi, chukua Robert, anza na "Me and the Devil" sio na "Cross Road" (hiyo niliwaachia wanaoogopa kwa sababu ya dini), na usianze na ile "Crossroads" ya bendi ya Cream ya 1968, ni nzuri kwa gitaa la umeme ila mwendo wake ni wa mtu anayekimbilia shereheni na ile hofu ya jua kuzama imebaki nyuma. Kama unachotaka ni historia ya njia panda chukua Tommy, ila usome na mambo ya Legba, bila hivyo utakosa nusu. Kama uko na watu, kuna nyama inachomwa, chukua Peetie. Na kama unapiga gitaa, au umewahi kumpoteza mtu na unajua kabisa na we una mkono wako humo, chukua Skip ya 1931, tumia earphone, ivumilie ile mikwaruzo dakika ya kwanza, baada ya hapo sikio lenyewe linaiacha linamfuata yeye.